Juu ya Mashindano ya Hadithi za Ajabu

Katika shule nyingi za mkoa wetu wa Singida, toka Manyoni mpaka Mkalama, wako vijana waandikao hadithi kwa siri katika kurasa za nyuma za madaftari yao. Mwalimu akiyakusanya madaftari ili asahihishe hesabu, hukuta huko nyuma habari za mtu aliyeruka mpaka mwezini, au za mji ulio chini ya ziwa Singidani, au za mashine inenayo kama binadamu iliyomnyang'anya tajiri wake shamba la alizeti. Wengine wetu hupiga mstari mwekundu na kuandika, "Acha upuuzi." Wengine husoma mpaka mwisho, kisha huulizwa na mwandishi mwenyewe, kwa haya nyingi, swali moja: Je, hadithi hii yaweza kupelekwa wapi?

Swali hilo ni halali, nalo lina jibu. Duniani yako mashindano yaliyowekwa kwa ajili ya waandishi wapya wa hadithi fupi, na mengine ni ya hadithi za ajabu tupu, yaani zile zijengwazo juu ya elimu ya sayansi na mambo ambayo huenda yakawa siku zijazo, na zile za mizimu, majini na nchi zisizo katika ramani. Nataka kusema machache juu ya mashindano hayo. Lakini zaidi nataka kuzitazama hadithi zenyewe ambazo watu wa nchi zetu hizi wameshinda nazo, tuone zina nini ndani. Maana kumwambia kijana "peleka", bila kumwonyesha hadithi njema ilivyo, ni kumtuma mnadani na mbuzi asiyejua bei yake.

Kwanza kuna pingamizi. Wako wazazi na wazee wa kanisa wasemao ya kuwa hadithi za namna hii ni uongo, na Mkristo hana kazi nazo. Siwacheki watu hao, kwani wanawatakia watoto wao mema. Lakini uongo ni neno lisemwalo ili msikiaji adanganyike. Asomaye katika kitabu cha Waamuzi jinsi Yothamu alivyosimama juu ya kilele cha mlima Gerizimu, akasimulia habari ya miti iliyokwenda kujitafutia mfalme, hasemi kwamba Yothamu alidanganya. Kila mtu wa Shekemu alijua ya kuwa mti wa miiba hausemi, na kila mtu alijua ni nani aliyeitwa mti wa miiba. Bibi zetu nao walipotusimulia habari za fisi na sungura penye moto, hawakutudanganya. Hapo sitakaa zaidi.

Basi tuanze na shindano la mwaka 1957 na 1958. Wakati ule palikuwa na ofisi ya vitabu iliyozihudumia nchi za Afrika ya Mashariki, jina lake East African Literature Bureau, nayo iliwaita watu washindane kutunga hadithi kwa Kiswahili. Aliyepata zawadi ya kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipigwa chapa mwaka 1960. Si hadithi fupi, ni kitabu kizima. Lakini nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi alikuwa mgeni katika kazi ya kutunga riwaya, na shindano ndilo lililomtoa mbele ya watu. Pili, kitabu chenyewe kimesimama juu ya mpaka wa ajabu na akili, nao ndio mpaka ambapo vijana wetu wengi hujikwaa.

Msomaji aonyeshwa mahali panapoogopwa, penye mzimu wa watu wa kale, na mtu aliyeuawa. Watu wa mahali pale wanalo jibu tayari. Ndipo aingiapo Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum ubavuni pake, akaanza kuuliza maswali madogo madogo ambayo mwenye hofu hawezi kuyauliza. Mwisho wa habari, mkono uliotenda ni mkono wa mtu. Wako wasemao kwamba mwandishi aliiga tu hadithi za Mwingereza Conan Doyle na Sherlock Holmes wake. Ni kweli, Bwana Msa na Holmes ni ndugu, hata viko vyao ni vya ukoo mmoja. Naye Holmes aliwahi kukutana na habari ya mbwa wa kuzimu, lakini katika hadithi ile hofu ni ya nyumba moja ya matajiri. Katika kitabu cha Abdulla hofu ni ya majirani wote, waliosoma na wasiosoma, nayo inaishi katika maneno yao ya kila siku. Hofu ile ndiyo mali ya Abdulla mwenyewe. Hakuiazima kwa mtu. Ukiiondoa, kitabu chabaki kuwa hesabu ya polisi.

Kina kasoro pia, nami sioni haya kuzitaja. Bwana Msa hujua mambo mengi ambayo msomaji hakupata kuonyeshwa, hata pengine tunapofika mwisho twajiona kama watu waliochezeshwa bao na mtu aliyeficha kete mkononi. Tena siri za nani ni mtoto wa nani zimesongamana mno. Lakini mazungumzo yake ni matamu, ni Kiswahili cha barazani hasa, na mtoto wa bara akikisoma hujifunza jinsi maneno mawili yawezavyo kumvua mtu nguo bila tusi hata moja.

Nitazame pia shindano lile lilizaa nini. Mwandishi hakukaa kimya baada ya kupokea zawadi. Alitunga Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine baadaye, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kwa hiyo fedha za zawadi zilikwisha, lakini Bwana Msa alipata kuishi zaidi ya miaka ishirini katika vitabu. Kama shindano halikumfanya mtu aandike tena, mimi naona lilikuwa bahati nasibu tu.

Sasa, sisi wa Singida tunayo habari yetu iliyo karibu sana na hiyo ya Mzimu, nayo haikubuniwa. Wazee wanaijua. Kati ya mwaka 1946 na 1948, katika wilaya ya Singida ya siku zile, watu wengi waliuawa mashambani na njiani, na miili yao ikaonekana imeraruliwa kama kwa makucha. Kwanza ilisemwa ni simba. Kisha ilisemwa ni watu-simba, yaani watu waliovikwa ngozi na kutumwa na wenye uchawi kuua kwa malipo. Serikali ya Kiingereza ilifanya upelelezi, watu wakashtakiwa, na wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja Mmarekani, Harold Schneider, aliitazama upya habari hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jambo lenyewe lilikuwa gumu kwa wenye elimu, na lingali gumu mpaka leo.

Hadithi juu ya watu-simba nimeisoma, imeandikwa na msichana wa shule ya sekondari katika mkoa huu. Jina lake na shule yake sitavitaja. Alikuwa na kurasa kumi na moja. Katika zile sita za kwanza nalisahau kwamba mimi ni mwalimu. Msichana katika hadithi yampasa apite shamba la uwele jioni, uwele umemzidi kimo, naye asikia nyuma yake mtu anayetembea kwa mikono. Hakuna damu, hakuna kelele; yuko yule atembeaye kwa mikono, na uwele unaocheza upande ambao upepo hauvumi. Mwandishi hakusema kama ni simba au mtu. Hata mama yake yule msichana, alipomfungulia mlango, hakumwuliza "Umeona nini?" bali alimwuliza "Amekuona?" Neno hilo moja lina thamani kuliko kurasa kumi za mazimwi.

Kisha, katika ukurasa wa saba, akaingia mtu mwenye bunduki ya miali ya moto, aliyeshuka katika chombo kutoka New York, jina lake Jack, akawaua watu-simba wote. Na katika ukurasa wa mwisho msichana akaamka, kumbe ilikuwa ndoto.

Nitasema juu ya Jack na juu ya ndoto, maana ndio magonjwa mawili yanayoua hadithi nyingi za vijana wetu. Jack hatoki katika akili ya mtoto wa Singida. Anatoka katika sinema. Sisemi kwamba hadithi za Singida zisiwe na vyombo vya anga. Nani alisema mwezi ni wa watu wa New York? Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, alimtia shujaa wake Dzombo katika chombo mwaka 1995, katika kitabu chake Walenisi. Dzombo amehukumiwa kufa, naye afungiwa ndani ya chombo kiendacho kasi kuliko fikira, ili apotelee angani. Lakini ajifunza kukiongoza, akafika nchi nyingine. Jina la nchi hiyo ukilivunja wapata "wale ni sisi." Mambo hayo ni ya kwake Mkangi, kwa sababu hukumu ile twaijua, na wenye kuitoa twawajua. Chombo kimejengwa kwa chuma cha nyumbani. Hata hivyo nami nina neno na Mkangi, Mungu amrehemu, maana alifariki mwaka 2004. Akiisha kufika Walenisi, Dzombo hupokewa na watu wema mno, nao humweleza, na kumweleza tena, jinsi nchi yao ilivyotengenezwa vizuri. Msomaji aliyeshika roho yake mkononi ndani ya chombo sasa apiga miayo darasani. Nchi ya ajabu isiyo na shida hata moja haina hadithi.

Shaaban Robert aliijua hatari hiyo mapema. Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, ni habari ya nchi iliyo hewani, na katika nchi hiyo Karama yumo mashtakani. Wajumbe sita wametumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, nao wakirudi na habari njema hutiwa gerezani. Kwa hiyo kila neno la hekima lisemwalo mle barazani lina shingo ya mtu nyuma yake. Nayo nchi iliyo hewani, wasomaji wa miaka ile waliitambua mara moja ni nchi gani.

Basi, turudi kwa msichana wetu. Yule Jack amwondoe. Na ndoto je? Ndoto ni mlango wa nyuma wa mtu anayeogopa kulipa deni. Mwandishi amekopa hofu kwa msomaji kurasa kumi, halafu asema, "Hapakuwa na kitu." Waamuzi wa mashindano wamesoma ndoto hizo kwa mamia, nami siamini kwamba hadithi iishiayo hivyo hufika mbali mikononi mwao. Hadithi ya ajabu ina sheria moja tu iliyo ngumu kweli: ajabu ikiisha kuingia, lazima imgharimu mtu kitu.

Hapo ndipo nitajapo hadithi ninayoiona bora kuliko zote zilizoshinda kutoka upande wetu katika miaka hii. Idza Luhumyo, binti wa Kenya, aliandika kwa Kiingereza hadithi fupi iitwayo Five Years Next Sunday. Ilipata kwanza zawadi ya Short Story Day Africa, ikatiwa katika mkusanyiko wa mwaka 2021, kisha mwaka 2022 ikapata Caine Prize, zawadi itolewayo tangu mwaka 2000 kwa hadithi fupi za Waafrika zilizoandikwa au kufasiriwa kwa Kiingereza. Habari yenyewe ni ya msichana ambaye nywele zake zina nguvu ya kuita mvua. Jamaa zake na majirani wanamwogopa. Akutana na mtu mgeni, mambo yake yageuka, na kumbe wako wanaozitamani zile nywele.

Mtu wa Singida akisikia habari hiyo, hukaa wima. Sisi tunaoishi kwa mvua ya msimu mmoja, tukitazama anga toka Novemba, tunajua mtu anayedhaniwa kuwa na mvua hutazamwa vipi. Ikinyesha, mvua ni ya watu wote; isiponyesha, kosa ni lake peke yake. Wanyaturu na Wanyiramba wote walikuwa na wenye kuombewa na kutafutwa kwa ajili ya mvua, nao hawakuwa watu wenye raha. Luhumyo hakueleza nywele zile zinafanyaje kazi. Hakuleta mtaalamu wa hali ya hewa wala mganga wa kufafanua. Nywele zina mvua, basi. Akili yake yote ameitia katika jambo lingine: nani ampenda msichana huyu, na nani azipenda nywele zake, na yeye mwenyewe atajuaje tofauti? Ajabu moja, gharama moja, na watu wanaoweza kuwa jirani zako. Nimewapa wanafunzi muhtasari wa hadithi hiyo kwa Kiswahili, na mmoja akaniuliza, "Kwani huyu mwandishi ni wa Iramba?"

Swali lile lilinifurahisha, lakini pia lilinichoma. Maana mwanafunzi huyo hawezi kuisoma hadithi yenyewe kama ilivyo. Imeandikwa katika lugha ambayo ataisoma kwa kamusi, naye atapoteza utamu njiani. Simlaumu Luhumyo, kila mtu huandika katika lugha aliyoichagua, na zawadi ile ilifunguliwa kwa Kiingereza. Lakini naona hatari iliyo mbele yetu. Ikiwa milango yote ya hadithi fupi za ajabu ni ya Kiingereza, basi kijana wetu mwenye mvua yake na simba wake atafundishwa kwamba kabla hajaogopesha mtu, yampasa kwanza abadili lugha. Na atakapoibadili, yule mama hatauliza tena "Amekuona?" Atauliza jambo jingine, lililo baridi zaidi.

Tutazame basi milango iliyopo. Ule ujulikanao sana kwa waandishi wapya wa hadithi za namna hii uko Marekani, nao huitwa Writers of the Future. Uliwekwa mwaka 1983 na mwandishi L. Ron Hubbard. Mashindano yake ni mara nne kwa mwaka, hayana kiingilio, majina ya waandishi hufichwa mbele ya waamuzi, na waliokwisha kupata sifa katika kazi hiyo hawaruhusiwi. Zawadi ya kwanza ya kila robo mwaka ni dola 1,000, na mshindi wa mwaka hupewa dola 5,000 zaidi. Taratibu hizo ni za haki, hasa ile ya kuficha majina. Lakini ni kwa Kiingereza tu. Nnedi Okorafor, mwana wa wazazi wa Nijeria aliyezaliwa Marekani, alifika katika kundi la mwisho la shindano hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, asishinde. Na mwaka 2016 kitabu chake kifupi kilipata zawadi ya Hugo, iliyo kubwa katika hadithi hizo. Jina la kitabu ni Binti. Mtoto wa darasa la kwanza wa hapa angeweza kumweleza Mmarekani maana yake.

Kwa Kiswahili tunazo zawadi mbili za heshima. Moja ilianzishwa mwaka 2014, ikaitwa Mabati-Cornell, na siku hizi huitwa Safal-Cornell. Washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2015, na mmoja wao alikuwa Mtanzania, Anna Samwel Manyanza, kwa riwaya yake Penzi la Damu. Nyingine ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Zawadi zake zilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu, zikaanza na riwaya na ushairi, na mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Nazisifu zote mbili. Lakini zinataka mswada wa kitabu. Msichana mwenye kurasa kumi na moja, ambazo nimekwisha kumwambia abakize sita, hana la kupeleka huko. Ni kama kumwambia mtoto anayejifunza kulima aanze na ekari ishirini. Natamani mmojawapo wa wakubwa hao afungue ukumbi mdogo kwa hadithi moja fupi, hata kwa zawadi ya vitabu tu, nao wasione haya kuandika katika tangazo kwamba hadithi za ajabu zinakaribishwa.

Upo mlango mmoja ambao walimu wengi hawajausikia. Ile zawadi ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, Commonwealth Short Story Prize, katika miaka hii imekuwa ikipokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, bila kiingilio, kutoka kwa mtu yeyote wa nchi za Jumuiya mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Urefu wake ni maneno 2,000 hadi 5,000. Mshindi wa kila sehemu ya dunia hupata pauni 2,500, na mshindi wa wote pauni 5,000. Mwaka 2014 mshindi wa wote alikuwa jirani yetu Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, na mwaka uliotangulia Dilman Dila, Mganda pia, mwandishi wa hadithi za ajabu hasa, aliingia katika orodha fupi. Shindano lenyewe halijafungiwa hadithi za ajabu, lakini pia halizikatai.

Lipo na jambo la werevu. Siku hizi mashindano hutangazwa kwa simu, na si kila tangazo ni la mtu mwema. Shindano linalotaka kijana alipe fedha kabla ya kusomwa, mimi kwa upande wangu simwambii mwanafunzi aliingie. Tena asome kwa makini lile neno juu ya haki za hadithi. Wengine huomba ruhusa ya kuichapa mara moja, na hilo ni sawa. Wengine huitaka iwe mali yao milele, ashinde asishinde. Mwanafunzi asiyeelewa na amwonyeshe mtu anayeelewa. Na asiitangaze hadithi yake kwenye simu za rafiki zake kabla ya kuipeleka, kwani mengi ya mashindano hukataa iliyokwisha kuonekana mbele ya watu.

Nami nawaomba walimu wenzangu wasimpe kijana tumaini la fedha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma kwa wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa lugha ile hakupata mchapaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka 35 kitabu kilikuwa kikingoja. Hakukuwa na shindano la kumwambia hata "umekuwa wa tano." Kwa mwandishi wa kijijini faida kubwa ya mashindano ni hiyo: kwamba yapo macho ya mtu asiyekujua, asiye mjomba wako wala mwalimu wako, yaliyosoma mpaka mwisho kwa kuwa yalitaka kujua itakuwaje. Na ile tarehe ya mwisho nayo ni bwana mkali, humfanya mtu amalize.

Lakini msichana wetu ana shida moja zaidi, nayo si ya sanaa. Wale waliouawa miaka ile wana wajukuu. Na wale walionyongwa wana wajukuu pia, tena wengine wa makundi hayo mawili huketi katika kanisa moja. Nalimwuliza kama bibi yake anajua kwamba anaandika habari hii. Akanijibu ya kwamba bibi ndiye aliyemweleza juu ya mtu anayetembea kwa mikono. Tukakubaliana arudi akamwulize tena, safari hii akimwambia wazi kwamba maneno yake yatasomwa na watu wa mbali. Bibi akakubali kwa sharti: jina la kijiji litoke, jina la mto litoke, na yule aliyeshtakiwa asipewe mguu mbovu, kwa kuwa mtu wa kweli alikuwa nao. Sikupata kusikia mhakiki bora kuliko bibi huyo. Mguu mbovu ulipotoka, hadithi haikupungukiwa na kitu. Ikaogopesha zaidi, kwa kuwa sasa yule mtu aweza kuwa yeyote.

Hadithi ina kurasa tisa sasa. Inapoishia, mlango umefungwa, moto umewashwa, na mama anatazama mikono ya baba aliyerudi kutoka shamba, akitafuta kama ina vumbi. Msichana atatimiza miaka 18 mwakani. Mlango wa Jumuiya ya Madola kwa kawaida hufunguliwa mwanzo wa Septemba na kufungwa mwanzo wa Novemba, na mwalimu mwenye wanafunzi wa namna hii na aanze nao mapema, mavuno yakiisha, wakati kuna nafasi na chaji ya simu haigombaniwi. Novemba mawingu yakianza kukusanyika, majembe hutoka, na hapo hutampata mtu wa Ikungi wala wa Iramba wa kukaa chini na kusahihisha nukta.